Bi Maharage na Chupa Mbili za Jamu

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, mwenzetu tunayemwita Bi Maharage anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alifika na mbwa wa kuokota kwapani, kwa hiyo hatuzihesabu. Kamati ya sherehe imenipa kalamu mimi, mtunza dawa wa kliniki yetu ya wanyama, kwa kuwa nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa. Nimeambiwa niandike kwa ufupi na nisilie juu ya karatasi. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Hakuingia hapa kama mhudumu wa wanyama. Aliajiriwa kufua. Kazi yake ilikuwa beseni, sabuni na mablanketi ya wagonjwa, kule chumba cha nyuma chenye bomba linalovuja mpaka leo. Balaa lilianza mwezi wake wa tatu, pale mfuaji alipogoma kufua. Si mablanketi yote, la hasha. Aligoma kufua yale yaliyoletwa kutoka nyumbani pamoja na wanyama wazee, wale ambao daktari alishasema hawana dawa tena isipokuwa ya kupunguza maumivu. Daktari mkuu alimwita ofisini, akataka kujua ni wapi duniani mtu huajiriwa kufua halafu akachagua cha kufua. Bi Maharage, mikono ingali na povu, akamjibu kwamba mnyama asiyeona vizuri humjua mwenyewe kwa harufu, na kwamba ukilifua lile blanketi umemtoa mwenyewe chumbani kabla mgonjwa hajafumba macho. Akapewa barua ya onyo. Aliitandika ndani ya droo yake ya vijiko, na imo humo hadi leo.

Wiki iliyofuata akaletwa mbwa wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee wa miaka kumi na tano, miguu imekataa kabisa. Wakati ule kila mgonjwa alipandishwa juu ya meza ya chuma, na mbwa yule alitetemeka hata sindano ikawa haishiki. Bi Maharage aliingia bila kuitwa. Akalitandaza blanketi lisilofuliwa sakafuni, akamwomba fundi aketi chini na suruali yake ya kazi, akakilaza kichwa cha mbwa mapajani pa fundi. Kutetemeka kukakoma. Daktari mkuu alitazama, na kwa hilo namsifu, akapiga magoti naye. Tangu siku hiyo hakuna mnyama wetu aliyechomwa sindano ya mwisho juu ya chuma. Na yule mfuaji akapelekwa kozi, akarudi mhudumu wetu wa kwanza wa huduma ya faraja.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki: huduma ya faraja si kuponya. Ni kumtuliza maumivu mnyama anayekwenda, kumlainishia chakula, kumgeuza ubavu, na kuhakikisha haondoki mapema mno wala hachelewi mno. Hapo kwenye mapema na kuchelewa ndipo watu wote hukwama. Kila familia humuuliza Bi Maharage swali lilelile, watajuaje kwamba siku imefika. Alichoka kujibu kwa maneno, akaanza kugawa chupa mbili tupu za jamu na pakiti mbili za maharage, moja ya meupe na moja ya mekundu. Kila siku kabla ya chakula cha jioni, tia haragwe moja. Kama mnyama amekula, amesimama, amefurahi kuitwa jina lake, tia jeupe. Kama siku nzima ilikuwa maumivu, tia jekundu. Wiki mbili zikipita mekundu yanaongoza, njoo tuzungumze. Sharti lilikuwa moja tu, usidanganye. Jina lake la utani lilitokana na hapo, na sasa hata mjumbe wa barua analitumia.

Asije mtu akadhani chumba chake cha huduma ya faraja kilikuwa cha machozi tu. Kuna kasuku mgonjwa wa mapafu aliyelala kwetu majuma matatu, akamwiga Bi Maharage sauti na yote, akawa anamuuliza kila anayeingia kama leo amekula au hajala. Mkaguzi kutoka makao makuu alifungua mlango akaulizwa, naye akajieleza kwa adabu kwamba tangu asubuhi amekunywa chai tu. Bi Maharage alimletea mkate. Ripoti ya ukaguzi mwaka ule ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Sasa nifike mahali ambapo yeye mwenyewe amenitaka nisiparuke.

Mwaka juzi mbwa wake aliugua. Tulimwita Katibu kwa sababu hakukosa kikao hata kimoja, akilala chini ya meza mpaka maazimio yapite. Kila Jumamosi nilimpelekea dawa nyumbani. Jumamosi ya tano nilimkuta Katibu amelala ubavu jikoni, hajala tangu Alhamisi, hata mkia hakuutikisa. Nikatazama rafuni. Chupa ya maharage meupe ina thelathini na ushei, ya mekundu ina matatu. Pembeni kulikuwa na pakiti ya meupe, imeachwa wazi. Moyo ulinipasuka jamani. Mwalimu wetu sote alikuwa akimdanganya mwanafunzi mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Nilikaa sakafuni nikamtolea uvivu. Nilimwambia hayo meupe ni yake, si ya Katibu. Alikasirika, akaniambia mtunza dawa atunze dawa. Kisha akaishusha chupa, akayamwaga maharage kwenye sinia, akaanza kuyachambua upya, siku moja baada ya nyingine, akizitaja kwa sauti kila moja ilivyokuwa kweli. Alipomaliza, siku ya kuja kuzungumza ilikuwa imepita kwa siku tisa. Siku tisa za maumivu ambazo mbwa wake hakustahili. Alilia kwa sauti, nami nikalia. Jumatatu asubuhi daktari mkuu alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni ile, na Katibu akaondoka kichwa kikiwa mapajani pa mwenyewe, juu ya blanketi lenye harufu ya nyumba nzima.

Mtu mwingine angelificha jambo hilo mpaka kaburini. Huyu alirudi kazini Jumatano, akabandika sharti la pili ukutani: mwenye mnyama hatii haragwe peke yake, awe na shahidi asiye wa nyumba ile, na shahidi ndiye mwenye neno la mwisho. Na kila familia inayouliza sababu, huihadithia siku zake tisa, bila kupunguza hata moja. Nimemsikia akizihadithia zaidi ya mara mia. Sauti humtetemeka kila mara, na kila mara hufika mwisho. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizotufanyia.

Najua ninachosema, kwa sababu tangu Machi chupa mbili ziko dirishani kwangu. Paka wangu ana miaka kumi na saba na figo zimechoka. Shahidi wangu ni Bi Maharage, ambaye hupita kila jioni akitoka kazini. Juzi nilimngojea na jeupe mkononi, kwa kuwa paka alikuwa ameramba supu, mara mbili nzima! Alimtazama paka, akanitazama mimi, akanyoosha kiganja. Nikampa. Akatia jekundu. Nilimnunia mpaka asubuhi, mtu mzima ovyo, na asubuhi nikahesabu. Wiki mbili za mekundu kuongoza zimetimia.

Dada, kliniki nzima inakushukuru kwa magoti yako yaliyochubuka, kwa mablanketi uliyogoma kuyafua, na kwa kutuambia ukweli hata ulipokuwa dhidi yako. Daktari mkuu ameomba ile barua ya onyo airudishe kwenye faili, na sisi tumemkatalia. Chumba chako hakitageuzwa stoo. Nimeshika ufunguo, na atakayeutaka atanikuta mlangoni. Tunakuombea siku zako zote zijazo ziwe za haragwe jeupe, na shahidi athibitishe.

Ijumaa, keki ikiisha na hotuba zikiisha, utakuwa huna tena zamu. Nakuomba ukielekea kwako upite kwangu. Daktari mkuu atakuja saa kumi na moja. Blanketi sijalifua.