Harufu Niliyoisikia Peke Yangu

Amani kwenu, wapendwa. Nimeombwa nisiwe mrefu, nami nitajaribu. Ila mkiona nimekwama katikati ya maneno, msinikimbilie, na tafadhali mtu asianze kunikemea pepo. Ngojeni kidogo, nitarudi. Mke wangu yuko hapa mbele, anajua la kufanya.

Basi. Wengi mnanijua kwa mpira. Mimi ni beki wa kati. Nilicheza kwetu Uvira, nikacheza kambini kule ukimbizini, nikaja kucheza hapa Sydney na ekipe yetu, timu ya Jumamosi, ile ya Wakongo, Wakenya na wale Warundi wachache wakorofi. Kona ikipigwa, mpira wa juu ni wa kichwa changu, na mtu akiingia kati shauri yake. Mkaniita Ukuta. Nililipenda sana jina hilo, nisiwadanganye.

Kocha wetu alikuwa yule mzee Muukraine aliyekaa karibu na mlango, mwenye koti la bluu. Hajui Kiswahili, kwa hiyo leo nitamsema nipendavyo. Naye alikuwa beki kwao, beki wa kulipwa, miaka mingi, kisha akafundisha timu za huko mpaka alipomfuata binti yake huku. Alikuwa na mambo mawili yaliyotuchekesha. Kwanza, hakumwita mtu kwa jina. Wewe ni namba nne, yule namba saba, basi. Tukasema ni majivuno. Pili, alikuja uwanjani kwa basi, mvua jua, na mfuko wa mipira mgongoni. Tukasema ni ubahili. Tulimcheka jamani, Mungu atusamehe.

Neno moja tu la Kiswahili alilishika kwetu: sema. Aliamini kwamba beki ni mdomo kwanza, miguu baadaye. Beki anauona uwanja wote, na wenzake hawana macho kisogoni, akinyamaza, amewauza. Kwa hiyo mechi nzima yuko pale mstarini, mkono juu, "Sema! Sema!", mpaka wapinzani wanauliza huyu mzee anataka nini.

Siku moja kwenye kona nikagongana kichwa na mshambuliaji. Nakumbuka mpira unakuja, halafu nakumbuka nyasi. Nilipoinuka mlipiga makofi. Kocha akataka kunitoa, nikampungia mkono kwamba niko sawa, nikarudi, tukashinda. Jioni nilitapika. Nikamwambia mke wangu ni sambusa za Wakenya.

Msicheke, maana baada ya hapo ndipo ikaja harufu.

Nilikuwa kazini, kwenye ghala kule Ingleburn, naendesha foklifti. Nikasikia waya unaungua. Nikasimamisha mashine, nikawauliza wenzangu, "Hamsikii?" Wakasema, "Tusikie nini?" Nikaizunguka mashine nzima nikinusa kama mbwa, sikuona kitu. Siku nyingine nyumbani nikamfokea mke wangu kwamba ameacha jiko linawaka. Jiko lilikuwa baridi. Siku nyingine ilikuwa humu humu, wapendwa. Tulikuwa tunaomba, macho nimefumba, harufu ikaja. Nilipojitambua, nyinyi wote mmeshakaa, maombi yamekwisha, na mimi peke yangu nimesimama mikono juu. Mama mmoja akaninong'oneza, "Roho amekugusa." Nikamjibu, amina.

Haikuwa Roho. Nikaanza kuelewa kwamba harufu ikija, kipande cha muda kinaondoka nayo. Sianguki, sitoi povu. Mimi natoweka, mwili unabaki, nao unaendelea na kazi. Siku moja nilirudi nikakuta mzigo uko juu kabisa, karibu na dari, na mkono wangu bado uko kwenye kidude cha kuupandisha. Nikatazama chini. Hapakuwa na mtu. Nikaushusha mzigo, nikazima mashine, nikaenda kujifungia chooni.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Ah, ndugu zangu, mnajua vizuri kwa nini. Ukisema, leseni inakwenda, foklifti inakwenda. Na kwetu, mwenye kifafa nani anakula naye sahani moja? Nilimwona mmoja utotoni, alianguka karibu na moto na watu wakaogopa kumgusa. Nikajiambia mimi siyo yule. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Kuijua kulinisaidia nini?

Sasa sikilizeni hili, ndilo zito.

Binti yangu ana miaka tisa. Nilikuwa nakwenda naye kwenye mazoezi yetu ya mpira kule Smithfield, yeye nyuma anaimba nyimbo zake. Harufu ikaja. Nikasema nisogee pembeni. Halafu niko Villawood. Mtaa wa viwanda, hatuna shughuli nao, gari linatembea, mikono yangu iko kwenye usukani vizuri kabisa, na mtoto amenyamaza.

Nikamwuliza, "Tumefikaje huku?"

Mnawajua watoto wetu, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na mimi humgombeza kila siku. Akasema kwa sauti ndogo, "Papa, it was red. You didn't stop." Taa ilikuwa nyekundu, nami nilipita. Aliniita, aliniambia baadaye, aliniita mara nyingi na sikugeuka.

Na unajua nilimwambia nini mtoto huyo? Nilimwambia, "Usimwambie mama."

Hakumwambia. Lakini hakuimba tena. Akawa anakaa mahali anapoweza kuona macho yangu kwenye kioo, na kila tukifika kwenye taa anasema polepole, "Red, Papa. Green, Papa." Wapendwa, mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa ananiendeshea gari. Na mimi baba mtu nikaacha hivyo, nikaenda hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, nikijua kabisa kwamba siku moja sitarudi kwa wakati.

Ikafika nusu fainali. Mpira unakuja, harufu inakuja. Wanasema nilisimama wima ndani ya boksi na mshambuliaji akapita ubavuni pangu kama anapita mti, akafunga. Wenzangu wakanijia juu, "We Ukuta, umelala?" Kocha akanitoa. Nilitoka nikitukana, tena kwa Kifuliiru cha kwetu, asisikie mtu.

Akanikalisha kwenye benchi. Akasogeza uso karibu na wangu, akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza chake kibovu kama changu: "Namba nne. Unasikia harufu gani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mke wangu sikumwambia.

"Waya," nikasema. "Waya unaungua."

"Mimi ni kitunguu," akasema. "Kitunguu kimeachwa jikoni kinaungua."

Akanisimulia huku mechi inaendelea, hakuitazama hata kidogo. Kwao, beki akiumia kichwa alimwagiwa maji akarudishwa uwanjani, naye alirudi kila mara. Akaacha kucheza, akawa kocha, harufu ikamfuata. Akanyamaza, maana nani atampa timu kocha anayetoweka? Akanyamaza mpaka siku moja barabarani. "Nilikuwa naendesha," akasema. "Mke wangu alikuwa pembeni yangu." Nilimtazama mikono, ilikuwa inashikana yenyewe kwa yenyewe. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mzee huyu anapanda basi. Na majina je? Yalikuwa yanamkimbia kichwani. Namba zimeandikwa kwenye jezi, ndiyo maana.

Akanyoosha mkono. "Funguo za gari."

Nikamwambia nina mtoto, nitamrudishaje nyumbani? Akageuka, akamtazama binti yangu aliyesimama mstarini. Akasema, "Kwa sababu una mtoto."

Nusu yangu ilitaka kumpiga. Nusu nyingine ikaingiza mkono kwenye begi ikatoa funguo. Tukarudi kwa basi sisi watatu, na mfuko wa mipira. Binti yangu akaja kukaa ubavuni pangu, akaniegemea, akalala usingizi mzito. Hakuwa amesinzia safarini nami tangu ile siku ya Villawood.

Nyumbani nikasimama jikoni nikasema yote. Mke wangu hakulia. Akauliza, "Na mtoto alijua?" Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alilia.

Nashukuru, wapendwa. Namshukuru Mungu aliyeweka mkono kwenye zile taa. Namshukuru yule dada yetu muuguzi aliyesema, "Maombi tutaendelea nayo, ndugu, lakini kesho asubuhi tunaenda hospitali." Nawashukuru mnaonibeba kwenye magari yenu bila kunung'unika. Mke wangu, wewe tutaongea nyumbani. Sasa nameza dawa, nafunga mizigo badala ya kuendesha foklifti, viatu vya mpira nimevitundika. Nafundisha watoto, ule mfuko wa mipira nimekabidhiwa mimi. Na watoto ninaowafundisha hawapigi mpira kwa kichwa. Wazazi mnalalamika eti tunafungwa kwenye kona. Lalamikeni tu.

Sitawadanganya kwamba imekwisha. Harufu bado huja mara moja moja, hafifu, kama inapita nje ya dirisha. Ikija nakaa chini, nasema kwa sauti, "Imekuja," na binti yangu ananishika mkono mpaka nirudi. Na nikimtazama kocha wangu naiona njia ambayo huenda ni yangu pia. Leo asubuhi tulipompitia, alimwuliza binti yake mimi ni nani. Akaambiwa. Njiani akauliza tena. Mkiniona namtazama sana, mjue natazama mbele.

Kwa hiyo somo langu ni fupi. Kama kuna mtu amekaa humu na jambo lake kichwani, au kifuani, au nyumbani, na mtoto wake anamtazama kwenye kioo, asingoje kona inayofuata. Kuna watu mbele yako hawana macho kisogoni. Dawa yake ni neno moja, na aliyenifundisha ni yule pale, ambaye jina langu amelisahau, na mechi zake zote amezisahau. Geukeni mmwone. Nitalisema sasa kwa nguvu.

Sema!

Mnaona? Ameinua mkono.