Nyayo za Chaki za Noelene Prowse

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Noelene Prowse anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya Brisbane, inayopima jinsi mwili unavyojizuia kuanguka. Nimeombwa kuandika mimi, mdeki sakafu, na sababu mnaijua.

Noelene alianza kwa kuosha vikombe. Akajifunza kubandika nyaya nyuma ya masikio na kupitisha umeme kidogo, ambao huidanganya akili mpaka mtu aliyesimama wima anayumba. Akajifunza pia ile sumaku ya kisogoni, inayomwonyesha mtu cheche akiwa amefumba macho. Mcheza raga mmoja, mpana kama friji, aliyumba akamwita mama yake. Noelene aliitika.

Mwiko wake ulikuwa mmoja: umeme haufiki kichwani mwa mgeni aliyekuja kupimwa kabla haujapita kwake. Kila asubuhi alivua viatu, akapanda kwenye bamba la kupimia, akajipima, mashine ikichora mstari wa kuyumba kwake. Vijana wenye shahada walimtania kwamba anakunywa chai ya betri.

Juu ya bamba alichora kwa chaki nyayo mbili, mahali pa kusimama. Utepe aliukataa: unyayo ukihisi ukingo wake, akili inahamia huko na kipimo kinaharibika. Mimi sikujua. Mwaka juzi nilideki bamba likang'aa, asubuhi ileile ambayo wazee arobaini wanaoangukaanguka walianza kurudi kwa kipimo cha mwisho cha mwaka mzima. Wakisimama mahali pengine, vipimo vya mwaka mzima vimepotea. Msimamizi wangu akataka nirudishe funguo.

Noelene akavua viatu.

"Semisi, usiende popote. Umefuta chaki, hujafuta miguu yangu."

Akapanda, akajipitishia umeme, akasogea nusu kidole, akajaribu tena, mpaka mstari wa mashine ukalala sawasawa juu ya mistari yake ya asubuhi zilizopita. Akaniambia nipige magoti nichore. Saa tatu mzee wa kwanza akasimama pale. Funguo ninazo mpaka leo, na kwa funguo hizo wanangu wawili wanasoma kwetu kule Tonga.

Asante, Noelene, hata kwa keki zako za nazi, ingawa zilikuwa kavu. Kapumzike, tembea polepole, usianguke. Wageni wetu wataendelea kusimama katika nyayo zako, nami dekio nitalipitisha kando.