Bi Mwanabaraka na Basi Lililojaa Mtu Mmoja

Tarehe 30 Juni, Bi Mwanabaraka Twalib anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mabasi kwa miaka thelathini na mmoja. Mzaliwa huyu wa Temeke aliajiriwa kukata tiketi za mkono katika ofisi ya Ubungo. Tovuti ilipoanzishwa, wengi wetu tuliugua ghafla siku ya mafunzo. Yeye alikaa mstari wa mbele, na tangu hapo ndiye fundi wa ukurasa wetu wa tiketi.

Hakuna atakayesahau ile wiki ya kuelekea Krismasi. Alfajiri, ukurasa ulionyesha viti vyote vya basi la Bukoba vyekundu, yaani vimeuzwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Revelian, alifurahi hadi akaagiza supu na chapati kwa ofisi nzima. Nje, familia zilizotaka kula sikukuu kwao zilikuwa zikirudishwa na mabegi yao. Kituoni Mbezi, kondakta aligoma kuondoka mpaka abiria wote wafike, na ndani ya basi alikuwamo Mwalimu Audax peke yake, akiuliza kama wenzake wamepotea.

Kondakta alipompigia simu, Bi Mwanabaraka aliweka bakuli chini na kuufungua msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, alioandika jana yake, wa kukigeuza chekundu kiti kinaponunuliwa. Badala ya alama ya reli (#), inayoita kiti kimoja kwa namba yake, alikuwa ameweka nukta, inayoita kundi zima la viti. Ni sawa na kuita Mama Lulu mtaani Tandika: unamtaka mmoja, wanageuka watano.

Angeweza kuusingizia mtandao, na sote tulikuwa tayari kumsaidia. Alimwendea Mkurugenzi katikati ya supu.

“Mkurugenzi, basi halijajaa. Tumeuza kiti kimoja tu, na kosa ni langu.”

Bwana Revelian aliuliza kama chapati zinaweza kurudishwa. Bi Mwanabaraka alikwisha kurekebisha alama na kutoka nje kuwaita waliofukuzwa. Saa tano basi liliondoka limejaa kweli, Mwalimu Audax akinung'unika kwamba wamemharibia starehe.

Miaka yote hiyo amesafirisha watu hadi Bukoba, Kyela na Tarime, lakini mwenyewe hajawahi kuvuka Chalinze. Wafanyakazi tumemwandalia safari ya Bukoba wiki ijayo. Alipoambiwa alifuta miwani yake, kisha akaomba akae mbele kabisa, aone njia.

Asante, Bi Mwanabaraka. Tunakuombea afya, utulivu, na safari ndefu zenye vituo vingi.