Tangi Lililozibwa Mdomo

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Karani: Mimi hapa.

Fundi: Kina mimi wako wengi, ndugu. Mimi yupi?

Karani: Shemeji yako bwana. Mume wa dada yako.

Fundi: Alaa! Karani! Habari za siku nyingi? Tangu mhamie nyumba mpya, namba yako nayo ikahama.

Karani: Nzuri tu. Watoto hawajambo?

Fundi: Hawajambo. Dada yangu je?

Karani: Mzima, yuko uani anaanika nguo. Na wewe, kazi zinakwendaje?

Fundi: Vyoo vya watu havichoki kuziba, shemeji. Tunakula.

Karani: Vizuri. Vizuri sana... Sasa, nilikuwa na kaswali. Si kwamba kuna tatizo.

Fundi: Hakuna tatizo.

Karani: Hakuna kabisa. Ni ile tu, mwenye kuuliza si mjinga.

Fundi: Uliza basi, msomi wangu.

Karani: Maji ya moto yakitoka kwenye choo cha kuvuta, yakawa hayatoki bafuni, huwa ni... ni kawaida? Mwanzoni?

Fundi: (anakohoa) Ngoja niweke spana chini. Choo chako kinavuta maji ya moto?

Karani: Vuguvugu. Si moto moto.

Fundi: Na ile sakafu ya chumba cha mama yako? Dada aliniambia umelaza mabomba chini ya saruji, maji ya moto yapite, mama asiumwe miguu.

Karani: Inafanya kazi! Tena vizuri mno. Ila joto limeelekea stoo.

Fundi: Stoo.

Karani: Kona moja ilinichanganya kwenye mchoro. Stoo huwezi kukanyaga bila viatu. Paka wa mtaa mzima wamehamia humo.

Fundi: Basi angalau paka hawaumwi miguu.

Karani: Unacheka.

Fundi: Sicheki, mtandao ndio unakwaruza. Shemeji, si wewe uliyesimama siku ya kuzindua nyumba, ukoo mzima umekaa, ukasema, "Nyumba hii, kuanzia msingi mpaka bomba la mwisho, haijaguswa na fundi"?

Karani: Nilimaanisha fundi wa kuajiriwa—

Fundi: Nilikuwa kiti cha mbele. Nina sahani mkononi. Watu wakageuka kunitazama mimi.

Karani: Ilikuwa mzaha.

Fundi: Na kabla ya hapo, nilipokuja na vifaa vyangu nikufungie bure kama zawadi kwa dada, ukaniambia kazi ya mabomba siku hizi mtu anajifunza kwenye simu.

Karani: Video zilikuwa nzuri, lakini. Jamaa anaeleza vizuri.

Fundi: Mpigie yeye basi.

Karani: Shemeji... mama ameletwa asubuhi. Kutoka hospitali. Magoti yamevimba hivi. Yuko bafuni sasa hivi, kakaa kwenye kigoda na taulo, anasubiri maji ya moto niliyomwahidi mwaka mzima. Na tangi la umeme la kuchemshia maji limeanza kuimba.

Fundi: Limeanza nini?

Karani: Kuimba. Kama sufuria ya— mmm... mmm... Halafu linagonga.

Fundi: Subiri. Moto umeweka namba ngapi?

Karani: Ya mwisho. Ni mama yangu bwana, siwezi kumbania moto.

Fundi: Ubavuni mwa tangi kuna kidude cha shaba, kina mkono mdogo. Kinatoa maji?

Karani: Kile kilichokuwa kinavuja? Hakivuji tena! Kilikuwa kinaniharibia rangi ya ukuta, nimekitafutia kizibo. Nimekaza kwa tepu na spana. Hata tone.

Fundi: Umeziba valvu ya usalama?

Karani: Mimi nilijua ni ka—

Fundi: Sikiliza. Usinijibu, fanya. Swichi kuu ya umeme iko wapi?

Karani: Ukutani, nje, karibu na mlango wa—

Fundi: Nenda kaizime. Sasa hivi. Usiende kwenye tangi, nenda kwenye swichi. Kimbia!

Karani: (anahema) Naenda... mlango... nimezima! Nimezima yote.

Fundi: Sasa mtoe mama.

Karani: Ngoja kwanza nifungue kile kizibo, nipunguze—

Fundi: Ukikigusa tutakuzika! Hicho kidude ndicho pua ya tangi, wewe umeliziba pua halafu unalipandishia homa. Linaweza kulipuka liondoke na ukuta. Mtoe mama, mtoe dada yangu, watoke nje kabisa, mbali na ukuta wa bafu!

Karani: Mama! Mama, toka! ...Anauliza maji yamechemka au bado.

Fundi: Mwambie yamechemka kupita kiasi!

Karani: Mama, yamechemka, twende! ...Anasema ameshajipaka sabuni, hatoki kwenye nyumba ya mwanawe kama mwizi.

Fundi: Mbebe!

Karani: Twende mama, shika shingo... shika... samahani, samahani mama, goti... Mke wangu! Acha nguo! Acha hizo nguo, toka nje!

(kimya. Mkwaruzo.)

Fundi: Haloo? Shemeji? Haloo!

(kimya.)

Fundi: We karani! Nijibu!

Karani: (anahema) Tuko... tuko barabarani.

Fundi: Wote?

Karani: Wote. Mama kakaa juu ya tofali, povu mpaka masikioni. Majirani wametoka wanatazama.

Fundi: Watazame. Tangi linasikika?

Karani: Linagonga. Moja... (kimya) Moja tena. Limepunguza.

Fundi: Sasa liache lipoe lenyewe. Hakuna mtu kuingia mpaka nikague. Hata kuchukua kandambili.

Karani: Shemeji, ningekuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa nimeegemea ukuta ule, nakupigia... Nini, mke wangu? ...Naongea na fundi mmoja.

Fundi: Fundi mmoja. Nimepanda cheo.

Karani: Ni kaka yako! Nimesema ni kaka yako ndiye naongea naye! ...Haya. Sasa analia, na ananipiga na nguo mbichi.

Fundi: Mwache akupige.

Karani: Hiyo nayo ni sauti gani? Kama upepo.

Fundi: Pikipiki. Nilitoka uliposema kizibo. Niko karibu na daraja, mke wangu kakaa nyuma ananishikia simu sikioni.

Karani: Lakini sijakuomba uje.

Fundi: Hujaniomba.

Karani: Shemeji, ile siku ya uzinduzi, pale nilipo—

Fundi: Kwa upande huu kuna upepo mwingi. Tutaongea. Lakini ujue nikifika, vigae vya bafu vinang'oka. Na sakafu ya stoo naipasua.

Karani: Vile vyeupe? Nilivipanga mwenyewe, mwezi mzima...

Fundi: Vile vile.

Karani: Pasua. Pasua yote. Mimi nitakushikia tochi.

Fundi: Utashika tochi, na mdomo utaufunga. Mama anasikia baridi?

Karani: Anatetemeka. Povu linamkaukia. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuogeshwa nusu.

Fundi: Nenda kwa jirani, omba akuchemshie ndoo moja ya maji jikoni. Na pa kumwogeshea.

Karani: Jirani? Yule? Alipokuja kuniuliza ramani ya mabomba nilimfungia geti. Nitaanzaje kumwomba, mbele ya watu wote hawa?

Fundi: Kuomba hakuna video, shemeji. Unabisha hodi, unasema.

Karani: Haya. Naenda. Usikate... jirani! Hodi hapa! Samahani, jirani, nilikuwa naomba... shemeji, anafungua, simu yangu inazima, fanya haraka na weweee—

Fundi: Nafika. Omba ndoo mbili, mama asiogeshwe nusu tena.