Kadi za Mwalimu Tryphosa Nyamusi, 1957–2025

Mwalimu Tryphosa Nyamusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na soko la Ekerenyo, binti wa tatu wa marehemu Mzee Ochoki.

Alisoma shule ya kijijini, kisha chuo cha Nyanchwa, akahitimu ualimu mwaka 1979. Kwa miaka thelathini na minane alifundisha darasa la kwanza kijijini hapa.

Mwaka 1982 aliolewa na Obwocha, mkulima wa chai, aliyefariki 2011. Walijaliwa Duke na Celestine. Celestine ni muuguzi Valencia, Uhispania, na bintiye Mokeira, mwenye miaka sita, anajua Kihispania tu. Mwalimu alitaka kuzungumza na mjukuu wake bila mkalimani. Alianza kujifunza Kihispania akiwa na miaka 66.

Vilivyomsumbua ni vineno vinavyotangulia majina: el (kwa jina la kiume) au la (kwa la kike) kwa kitu kinachojulikana, un au una kwa kitu chochote cha aina hiyo. Akaandika kadi, kama alivyowafanyia watoto darasani: la puerta mlangoni, la azada kwenye jembe, la vaca shingoni mwa ng'ombe.

"Mama, mtoto anacheka," Celestine alimwambia kwa simu. "Umesema el vaca. Umemfanya ng'ombe dume."

"Mwambie huyo dume nimemkama asubuhi hii."

Mwalimu hakuugua. Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, ng'ombe alikata kamba akaingia shamba la jirani. Kesho yake mtoto wa jirani huyo alifariki kwa malaria. Kadi ya ng'ombe ilizungushwa sokoni, hakuna aliyeielewa; watu wakasema ni uchawi.

Jumatano saa tatu asubuhi, watu wapatao arobaini walivunja lango. Lavender, mke wa Duke, alikuwepo.

"Mama, haya maneno umemfungia nani?" Momanyi, mmoja wa waliovunja lango, aliuliza.

"Ni masomo yangu, Momanyi. Ngoja nikuletee daftari."

"Ako na daftari ya majina yetu!" mwingine akapiga kelele.

Walimpiga kwa mawe na mipini ya majembe, wakamvunja mikono yote miwili na fuvu, wakachoma nyumba. Alifariki saa sita na dakika kumi, njiani kwenda hospitalini. Kati ya saba waliokamatwa, wanne alikuwa amewafundisha kusoma.

Ameacha Duke na Lavender, Celestine, na Mokeira, aliyewasili jana na ameketi mstari wa mbele. Mtoto hajaambiwa nyanya yake aliitwa nani siku ile. Familia inaomba kila atakayemsalimia leo amwambie alikuwa mwalimu. Celestine atamtafsiria.

Mungu ampe Mwalimu pumziko la amani.