Sauti ya Bibi Margareta na Kustaafu kwa Mzee Elimringi

Ndugu Elimringi Minja, Mkuu wa Kitengo cha Majaribio, anastaafu Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2026, baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka ishirini na minane na ushee. Ushee huo umezua ubishi. Ofisi ya utumishi inahesabu tangu alipopewa ajira ya kudumu. Yeye anahesabu tangu siku alipokuja kutengeneza redio ya mlinzi, akaambiwa asubiri chai, na hajaondoka hadi leo. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu sijui nimfuate nani. Basi tuseme ni miaka mingi, na chai ile ilikuwa nzuri.

Alipoingia, kiwanda kilikuwa kinaunganisha stabilaiza za friji na televisheni, kazi ambayo hata sisi wa kufungasha tuliielewa: umeme wa Moshi unarukaruka, stabilaiza inautuliza, mteja anashukuru. Kisha wakubwa wakaamua tutengeneze vifaa janja vya nyumbani na kuviuza Ulaya. Zikaja swichi zinazowashwa kwa simu na vitasa vinavyofunguka kwa kidole. Tangu siku hiyo, kusema kweli, nimekuwa nikifungasha vitu nisivyovielewa kwa ajili ya watu nisiowaelewa.

Viwango ndivyo vilivyotuvuruga zaidi. Mara kifaa kiweze kuongea na vifaa vya kampuni nyingine, mara kila kimoja kiwe na nywila yake, mara boksi liseme wazi programu yake itaboreshwa hadi lini. Tulibandua lebo na kubandika nyingine hadi kucha zikaisha, na kabla gundi haijakauka tangazo jipya likafika. Mzee Elimringi alikuwa analisoma akiwa amesimama, anavua miwani, anasema, "Haya, tuanze tena." Maneno hayo yamekuwa mali ya kiwanda. Siku hizi hata chai ikimwagika kantini utayasikia.

Ana vituko vyake. Hawezi kuamuru kitu ambacho hajakisalimia. Swichi zinazotii sauti aliziuliza kwanza habari za asubuhi, ndipo aziambie ziwake. Wahandisi vijana walimcheka sana, hasa Yoramu, ambaye ndiye anayerithi kiti chake, na ambaye majuzi tulimfumania akiiuliza taa imeamkaje. Kuhusu kiburu, ndizi zetu za kupikwa na maharage, anachokuja nacho kwenye hotipoti, ukarimu wake una mpaka: atakupa kila kitu isipokuwa kijiko cha pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu atataka kulisoma hapa, ingawa miaka miwili imepita na bado linanichanganya.

Kiwanda kilipata oda kubwa kuliko zote kutoka kwa mnunuzi wa Uholanzi, ya kifaa tulichokiita Msikizi. Kinatundikwa ukutani kwenye nyumba ya mzee anayeishi peke yake, kinasikiliza, na mzee akianguka kinampa mwanawe taarifa kwenye simu. Kwetu sisi wa kufungasha hesabu ilikuwa rahisi. Msikizi ikikubaliwa, kazi ipo. Ikikataliwa, tunarudi nyumbani. Aliyebeba mzigo huo alikuwa Mzee Elimringi, kwa sababu kifaa kilitakiwa kufundishwa kwa sauti za nyumba halisi, na kazi ya kuzitafuta ilikuwa ya kitengo chake.

Hapo likafanyika kosa ambalo nadhani lingefanywa huku mlimani tu. Desemba ilikuwa imefika, kiwanda kimefungwa, Wachagga wote wamerudi nyumbani kula Krismasi. Mzee Elimringi akapanda na kifaa hadi kwao Old Moshi, akakitundika sebuleni. Nyumba ilifurika: wa Dar, wa Mwanza, wajukuu, mashemeji, mbuzi anachinjwa, watu wanaimba. Wote waliambiwa kwamba kifaa kinarekodi, isipokuwa mtu mmoja, naye ni Bibi Margareta, mama yake mzazi na mwenye nyumba. Kwa sababu nyumba ni yake, kila mmoja alidhani mwingine ameshamwambia.

Alfajiri ya Krismasi, wengine wakiwa bado wamelala, Bibi aliamka akajikongoja na fimbo hadi sebuleni, akakaa kwenye kigoda, akasali kwa sauti, kwa Kichagga. Kifaa kilinasa yote. Kwa kitengo cha majaribio hiyo ilikuwa dhahabu, maana hapakuwa na mzee mwingine katika sauti zile: jinsi anavyoshuka polepole, anavyohema, anavyoegemea fimbo kuinuka. Kifaa kikamsikiliza yeye na kujifunza kwamba mzee anayeketi si mzee anayeanguka. Ukimwondoa, kilipiga kelele kila mtu alipokaa.

Kisha likaja sharti la faragha. Kila mtu ambaye sauti yake imetumika kukifundisha kifaa lazima awe ameridhia, na asiyeridhia afutwe asibaki hata pumzi. Ukoo mzima uliridhia kwa simu, kwa shangwe. Shemeji wa Mwanza aliuliza kama anaweza kurudia pale alipoimba vibaya. Bibi Margareta alikataa. Alimwambia mwanawe kwamba wezi huja mtu akiwa amelala, lakini huyu wake amekuja mtu akiwa anasali.

Meneja Davis alikwenda mwenyewe kumbembeleza, na sukari na vitenge. Alipokewa vizuri, akalishwa, akarudi na mkungu wa ndizi kwenye gari. Tulipomuuliza amekubaliwa au amekataliwa, alisema hana uhakika.

Ndipo Mzee Elimringi akachuma isale. Kwa wenzetu mliotoka mikoa mingine: ukimkosea mtu ukamwendea na jani hilo, hawezi kukufukuza. Analipokea, anakusamehe, mnakula pamoja, na jambo limekwisha. Bibi alilipokea. Walilia, wakala. Habari ilishuka kwa simu kabla yeye hajashuka, na kiwanda kikalipuka kwa vigelegele. Jumatatu asubuhi sisi tulikuwa tayari tunapiga selotepu kwenye maboksi.

Aliingia akatukuta tunaimba. Akatuomba tusimame. "Mama amenisamehe," alisema. "Hajaniruhusu."

Meneja Davis alimwomba arudie, akarudia, na haikusaidia. Kwetu kusamehewa na kuruhusiwa vilikuwa kitu kimoja. Akatueleza taratibu kwamba msamaha ni wa lililokwisha kutendeka, na maboksi yale ni ya litakalotendeka. Tena mama yake asingeweza kulikataa isale hata angetaka, kwa hiyo ni aibu kuligeuza kuwa mtego wa kumnyang'anya kitu kingine.

Tulimsihi. Tulimwambia Bibi hatajua kamwe, na Uholanzi nzima hakuna anayeelewa Kichagga cha Old Moshi. Kindness, mwenzetu wa kufungasha anayelea watoto peke yake, alimwambia akimtazama machoni, "Mzee, wanangu hawawezi kula sala ya mama yako." Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwepo, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa amekwama vile.

Aliingia chumba cha majaribio, akamtoa Yoramu nje, akavaa spika za masikioni. Ilibidi asikilize ili ajue sala inaanzia wapi na kuishia wapi. Akaifuta. Alipotoka alinawa uso bombani, akaomba chai.

Mzigo haukuondoka. Wengi wa kufungasha walirudishwa nyumbani, Kindness akiwa mmojawapo, na kantini watu walihama meza aliyokaa Mzee Elimringi. Yeye akaanza kuzunguka kutafuta wazee wengine, Majengo kwenye vyumba vya kupanga na Mabogini kwenye mashamba ya mpunga. Kila mzee alielezwa kwanza, akarekodiwa, kisha akachezewa sauti yake aseme nini kibaki. Bwana mmoja wa Majengo aliamuru kikohozi chake kitolewe kwa sababu kinamzeesha. Masika yalipokwisha kifaa kilikuwa kizuri kuliko cha mwanzo. Mnunuzi akachukua oda, lakini ndogo. Kindness alirudishwa kazini. Wengine hawakurudishwa, na lazima hilo nalo liandikwe.

Halafu, kama mnavyokumbuka, sharti likabadilika tena. Mnunuzi akasema hataki kifaa kinachosikiliza sauti za watu kabisa, kihisi tu mtikisiko wa sakafu. Sauti zote zikafutwa, za Majengo, za Mabogini, na ya shemeji wa Mwanza aliyeimba vibaya. Mzee Elimringi akavua miwani na kusema maneno yake yale.

Kwa hiyo ile sala ingefutwa tu. Wapo wanaosema Mzee aliona mbali. Wapo wanaosema alituumiza kwa kitu ambacho kilikuwa kinakwenda kufa chenyewe, na angenyamaza miezi michache watu wasingekosa kazi. Kindness anasema yote mawili, inategemea umemuuliza siku gani. Mimi nimezunguka na jambo hili kichwani hadi limenichosha, na mhariri wa jarida letu alipotaka niandike alikuwa sahihi au alikosea, nilimwambia amtafute mwandishi mwingine. Hakumpata.

Ili niandike vizuri, nilipanda Old Moshi kumwona Bibi Margareta. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda, akanipa maziwa. Mzee Elimringi alikuwa nje anakatia ng'ombe majani. Kabla sijauliza lolote, Bibi akaanza kunisimulia alichokuwa anakisali asubuhi ile ya Krismasi, na aliyekuwa anamtaja. Sikuwa nimemwomba. Nilirudi mjini nikakiandika chote kwa aya moja, huku ninalia, na nawahakikishia ilikuwa aya bora kuliko zote mlizosoma hapa. Ungeisoma ungejua kwa nini mwanawe alinawa uso.

Wiki iliyopita nilirudi kumsomea wasifu wote kabla haujachapwa. Mzee Elimringi ndiye aliyesisitiza. Bibi alicheka mahali pa mkungu wa Meneja Davis, akanisahihisha kwamba maziwa aliyonipa yalikuwa mtindi. Nilipofika kwenye aya ile aliweka mkono wake gotini kwangu. "Mwanangu," alisema, "hilo nilikuambia wewe."

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilitamani kumwambia kwamba wasomaji ni watu wetu wenyewe, kwamba ni maneno mazuri, kwamba hakuna atakayedhurika. Yote hayo tuliwahi kumwambia mwanawe. Basi nikaikata aya palepale mbele yake, na nilipofika nyumbani nikaifuta kwenye kompyuta pia. Ilikuwa inakaa hapa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na ni mara ya kwanza katika jambo hili lote ambapo sikuchanganyikiwa.

Mzee Elimringi, kwa niaba ya wote, pamoja na waliohama meza yako, tunakushukuru. Tunakuombea magoti yasiyolalamika mlimani, ng'ombe wenye maziwa, na miaka mingi ya kukaa na mama yako. Tukija kuwatembelea, tutabisha hodi na kusubiri mlangoni hadi tukaribishwe.

Stella Mchau
Kitengo cha Kufungasha