Darius Mulamba, Aliyerudisha Cheo cha Jeshi la Anga za Juu
(1951–2004)

Darius Mulamba, tunayemzika leo hapa Minago, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Baraka, upande wa Kongo. Baba yake, Mzee Kalume Mulamba, alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1964, vita vilipochacha kwao, familia ilivuka ziwa na kuanza maisha upya Minago, katikati ya michikichi ya watu wengine. Darius alikuwa mdogo wa Esperance, dada yake wa pekee. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, na ndiye aliyemchapa aliposoma badala ya kuchota maji.

Alisoma shule ya msingi Minago, kisha sekondari Bujumbura, ambako alipata diplome, cheti cha kumaliza sekondari, yenye alama za juu kwenye hesabu na fizikia. Septemba 1971 alipewa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nchi yenyewe hatutaitaja, kwa sababu hata yeye aliacha kuitaja. Mama yake alimfungia ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye sanduku. Usiku wa kwanza katika bweni aliwakaanga, na jirani zake, wakidhani gesi inavuja, wakaita wazimamoto. Mulamba aliwakuta wazimamoto mlangoni, akawakaribisha mezani. Wawili walikula.

Mwaka 1978 alipata kazi katika ofisi ya setilaiti za hali ya hewa. Kazi hiyo aliipenda kweli. Picha zilikuja kutoka juu, naye akazisoma: wingu hili linakwenda wapi, ukame ule unaanzia wapi. Likizoni alipoulizwa na wavuvi wa Gatete, kijiji cha jirani, anafanya nini huko, alijibu: "Niko naambia watu mvua iko njiani."

Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Bibi Naomie, mwalimu wa shule ya msingi Rumonge, nao wakajaliwa watoto wawili, Jephté na Nadia. Naomie alimfuata ng'ambo, akavumilia baridi, na nyumba yao ikawa kituo cha kila mwanafunzi aliyetoka pwani hii akiwa na njaa.

Vita vya hapa kwetu vilipoanza mwaka 1993, Mulamba alikuwa huko. Alipiga simu kila alipoweza, na mara nyingi simu haikupokelewa. Ndipo, mwaka 1996, serikali ya nchi ile ikaamua kuunda jeshi jipya. Lisiwe la nchi kavu, wala la majini, wala la ndege, bali la anga za juu, huko zinakozunguka setilaiti. Ofisi ya mvua ikaingizwa humo pamoja na watu wake. Mulamba aliahidiwa cheo cha koloneli. Akaletewa fundi kumpima sare.

Hakukataa siku ile. Alimwambia mkewe kwamba huenda mawingu yangebaki mawingu, hata yakitazamwa na askari. Lakini vikao vikaanza kumchosha. Mchana mzima watu wazima walibishana juu ya rangi ya kofia. Mmoja alitaka nyeusi kwa kuwa anga ni nyeusi, mwingine buluu, na jenerali akataka wimbo wa jeshi utungwe kwanza. Jioni hiyo Bujumbura ilipatikana kwenye simu, na Mulamba akasikia kwamba barabara ya Rumonge haipitiki tena na watu wanalala porini.

Tarehe 17 Aprili 1997 mawaziri waliitwa kuonyeshwa uwezo wa jeshi hilo, ili walipitishe. Mulamba alipangwa kuwaeleza picha. Taa zikazimwa, na kwenye ukuta likatokea ziwa ambalo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Aliona barabara inavyojikunja kabla ya Minago, na michikichi. Aliona pia nyumba zinawaka, moshi umelalia upande wa maji. Paa moja la bati lilimeta pembeni, nalo ni yeye aliyelinunua, kwa ajili ya dada yake.

"Picha hii ni ya lini?" aliuliza.

"Ya wiki tatu zilizopita," alijibu jenerali.

"Mlimwambia nani?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu moto. Kuna watu humo."

"Hilo halikuwa lengo la jaribio," jenerali alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Tazama ubora wake. Hata bati linahesabika."

Mawaziri wakapiga makofi.

Mulamba alitoka akaenda msalani, akatapika. Alisukutua mdomo, akarudi, akaweka kitambulisho chake mezani mbele ya jenerali. "Mmeona nyumba za watu zinaungua," alisema, "mkasifu macho yenu. Cheo chenu kinanuka." Nyumbani alimwambia Naomie kwamba anaona kinyaa hata na mikono yake mwenyewe, iliyoshika picha za namna ile miaka yote. Naomie alianza kufunga mizigo.

Walifika Bujumbura mwezi Juni, wakateremka Rumonge katika msafara wa magari uliolindwa na askari. Esperance na mumewe walikuwa wameungua ndani ya nyumba yao. Binti yao Ange, aliyejificha kwenye shamba la mihogo, alikuwa Gatete kwa Mzee Mbaraka, mfanyabiashara wa samaki, na mkewe Mama Sharifa. Hawa walimlea bila kuuliza dini wala ukoo wake. Mulamba alipotaka kuwashukuru, Mama Sharifa alimkatiza: "Murakoze ya nini? Mutoto alikuwa na njaa, akakula."

Tangu hapo alimlea Ange kama mwanawe, akafundisha fizikia sekondari ya Rumonge, siku ambazo risasi ziliruhusu masomo. Alikuwa mwalimu mkali na mcheshi. Ila mwanafunzi akisifu setilaiti, uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeuma kitu kilichooza.

Mwaka 2003 maofisa wawili wa jeshi lile walikuja nyumbani kwake na kisanduku. Walimletea nishani ya waasisi. "Bila wewe tusingefika hapa," alisema mkubwa wao.

Mulamba aliwapa viti. Kisha akaita: "Ange, kuja ukae hapa."

Ange akaja kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Huyu ni mtoto wa nyumba ile ya bati," Mulamba aliwaambia kwa lugha yao. "Mvisheni yeye. Halafu mwelezeni ni ya nini."

Mkubwa wao alimtazama Ange, akatazama chini. Kisanduku kilirudi mfukoni. Bugali ilikuwa imeiva na walikaribishwa, lakini hawakukaa.

Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Madaktari wa Bujumbura walikuta saratani ya ini imekwisha kusambaa, naye akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 22 Agosti 2004, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Naomie. Jana jeshi lile lilituma shada la maua ya plastiki, utepe wake umeandikwa "Mwasisi". Familia imelirudisha na dereva yuleyule.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Naomie, watoto, Jephté, Nadia na Ange, wajukuu wawili, na ndugu zake wa Gatete, Mzee Mbaraka na Mama Sharifa.

Kwa ombi lake, kabla ya kufukia kaburi, Ange atasoma majina ya wote walioungua katika mtaa ule. Waliowapiga picha hawakuwahi kuyauliza.

Mungu ampe Darius Mulamba pumziko la amani, pamoja na hao.